Karani wa Mizani

Bakili Nandonde, mdogo wangu,
karani wa mizani wa chama cha msingi,
msimu wa juzi ulizijua kilo za kila mtu
bila kufungua daftari:
Mzee Chitanda mia nne na kumi na mbili,
Bi Somoe tisini na nane, gunia lina kiraka cha khanga,
yule wa Mnyambe elfu moja kasoro tatu,
na hizo tatu ukamwonyesha zilikodondokea.

Sasa nakutuma chumvi dukani,
unarudi mikono mitupu,
unaniuliza mimi ulikuwa unakwenda wapi.

Sikuona lilipoanza. Nani huona?
Lilianza na mashine ya salfa mgongoni, Julai,
upepo wa Newala ukikurudishia vumbi la njano kifuani.
Wenzako wakasema: vuta kidogo, uchovu utashuka.
Ukashuka kweli.
Hilo ndilo wahubiri hawalisemi,
kwamba mwanzoni ulishuka kweli.
Ulicheka, ukala ugali wa muhogo sahani mbili, ukalala.
Ulikuwa na miaka kumi na sita.
Hela ya kete ya kwanza nilikupa mimi.
Uliniambia ya betri.

Kisha asubuhi pia.
Kisha kabla ya mswaki.
Kikohozi cha alfajiri kikatuamsha kuliko jogoo.
Moyo ukakuenda mbio umekaa kitako,
ukaushika mkono wangu, ukaubandika kifuani:
“Dada, sikia, kuna mtu anatwanga.”
Nikacheka.
Mungu anisamehe, nilicheka.

Msimu wa mabibo wakaja wanaonong'ona.
Nyuma ya magunia, ghalani, wakilitaja jina lako
na kilo ulizoiba,
wewe ambaye hujaiba hata korosho moja ya kubanika.
Ukachana daftari.
Ukaziba matundu ya ukuta kwa unga.
Mjomba akasema karani hakosi maadui,
kuna mtu kamtupia kitu, twendeni Kitangari kwa fundi.
Tukaenda. Kuku wawili, shilingi elfu sabini,
na njiani kurudi ukawasha.

Sista Auleria wa zahanati hakututisha.
Alisema si kila avutaye hupotea;
wapo ambao mbegu ya ugonjwa imelala kwenye damu yao,
na moshi ndio mvua yake.
Akauliza ukoo.
Nikamkumbuka mama yake baba,
aliyekuwa akiongea na chungu.
Akasema ubongo wa kijana ni tofali bichi,
ukilikanyaga linakauka na unyayo wako.
Akasema na kuacha nako kuna gharama yake.

Tuliilipa.
Usiku kumi na moja usingizi ulikukimbia,
shuka likiloa kama la mwenye homa.
Ukavunja kikombe cha marehemu baba.
Ukanitukana tusi ambalo silirudii, hata hapa.

Siku moja, kwenye foleni ya maji,
niliandika jina lako mchangani.
B, kisha akili.
Nikaifuta akili kwa dole gumba
nione kinachobaki.
Ikabaki B,
herufi isiyotamkika mpaka midomo ifungwe.

Jana ilikuwa kliniki, mara ya nne.
Dawa zimekunenepesha, vidole vinatetemeka,
watoto njiani wanakuita jina nisilolipenda.
Sista akasema panda, akainamia kalamu yake.
Hukupanda.
Nikasema moyoni: haya, yameanza.
Ukaitazama ile mizani, ukaitazama,
halafu polepole, kama mtu anayechomoa mwiba,
“Sista, mshale haujakaa sifuri.
Umezidi nusu kilo.”

Akaitafuta miwani. Akapiga magoti.
Ulikuwa umezidi.

Njiani uliniuliza mara tatu
leo ni siku gani.
Mara zote tatu nilikujibu.